Kuwaombea Watu Usiowajua Katikati ya Mji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na waumini wanaotaka kutoka kanisani na kwenda kuombea watu mahali pa wazi mjini, na mengine huulizwa na wachungaji wao wenye wasiwasi. Wengi hudhani ugumu uko kwenye kuomba. Ugumu mkubwa uko kwenye kusikiliza na kumwacha mtu aende akiwa huru kama alivyokuja. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Huduma hii hasa ni nini?

Watu wawili au watatu husimama mahali ambapo wengine hupita au kupumzika, wakiwa na bango dogo lenye maneno kama "Ungependa tukuombee?" Anayetaka husogea, hueleza haja yake, huombewa dakika mbili tatu, kisha huendelea na safari yake. Hakuna mahubiri, hakuna kipaza sauti, hakuna kapu la sadaka.

Mahubiri ya hadharani ni huduma nyingine na ina heshima yake. Mhubiri Mwingereza George Whitefield aliwahubiria wachimba makaa ya mawe huko Kingswood, karibu na Bristol, Februari 1739, na John Wesley akaanza kuhubiri nje Aprili mwaka huohuo. Lakini mhubiri anasema na umati, na huku anayeombewa ndiye anayesema kwanza, tena ndiye anayesema zaidi. Nawashauri msizichanganye huduma hizi mbili mahali pamoja saa moja. Mwenye ndoa inayoyumba hataisimulia penye spika.

Mbona Yesu alikataza kuomba kwenye pembe za njia?

Swali hili lijibiwe kabla hamjatoka nje, maana mtaulizwa na wapita njia wanaoijua Biblia kuliko mnavyodhani. Mathayo 6:5 inasema wanafiki "wapenda kusali hali wamesimama katika masinagogi na katika pembe za njia, ili waonekane na watu." Uzito uko kwenye maneno ya mwisho. Yesu mwenyewe aliomba kwa sauti mbele ya watu kwenye kaburi la Lazaro (Yohana 11:41-42), na aliwakumbatia watoto akawabariki mbele ya umati (Marko 10:16). Petro na Yohana walikutana na yule kiwete kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, mahali palipojaa watu (Matendo 3).

Hata hivyo andiko hilo libaki mbele yenu kama kipimo, msilipite haraka. Kuna njia rahisi za kujipima. Sauti yako: anayeombewa akusikie, aliye hatua chache pembeni asikusikie. Bango lako: je, linamsaidia mwenye haja kujua mnafanya nini, au linatangaza jina la kanisa na picha ya mchungaji? Mavazi yako: je, yamechaguliwa ili upigwe picha? Na kipimo kigumu kuliko vyote: mtu huyuhuyu ungemwombea jioni nyumbani kwako, mlango umefungwa, hakuna anayekuona? Kama humkumbuki tena ukishatoka pale, andiko linakuhusu.

Tuwe wangapi?

Wawili kwa kila anayeombewa. Mmoja huomba, mwingine hukaa kimya na kuangalia mazingira. Yesu aliwatuma wawili wawili (Luka 10:1) na busara yake inaonekana mara tu unaposimama mjini. Timu iwe na wanaume na wanawake, ili mama asilazimike kumweleza mwanaume habari za mimba iliyoharibika. Mkifika sita au saba, wengine wakae mbali waombe kimya. Kundi kubwa lililosimama pamoja huwatisha watu.

Tusimame wapi?

Mtu anayewahi basi hawezi kufungua moyo. Tafuteni mahali ambapo mtu tayari amepunguza mwendo: bustani yenye viti, uwanja wa mji saa za mapumziko ya mchana, kona ya kituo ambako watu husubiri. Paulo alipokuwa Athene alizungumza sokoni kila siku na wale aliokutana nao (Matendo 17:17), na alipokuwa katika mji wa Filipi alikwenda kando ya mto alikodhani pana mahali pa kusali, akasema na wanawake waliokutana hapo (Matendo 16:13). Aliwafuata watu pale walipokuwa wameshakaa.

Mkishapata eneo, angalieni ardhi yenyewe. Simameni ubavuni mwa njia, migongo yenu ikiwa kwenye ukuta au mti, ili anayekuja awe na uwazi nyuma yake na anaweza kuondoka wakati wowote bila kumpita mtu. Msimzunguke. Nimeona watu wanne wenye nia njema kabisa wakimzunguka dada mmoja, na yeye akawa anatikisa kichwa "ndiyo" kwa kila kitu ili tu wamalize. Viti viwili vilivyokaa mshazari hufaa zaidi kuliko kusimama uso kwa uso, hasa kwa mzee au mgonjwa. Angalieni pia jua na kelele. Mkilazimika kupaza sauti ili msikike, hameni.

Sehemu ninazowaomba mziepuke ni mlango wa wagonjwa wa dharura, mlango wa mahakama na mlango wa chumba cha maiti. Anayeingia au kutoka pale hana nguvu ya kukataa, na ombi linalopokelewa kwa kukosa nguvu ya kulikataa halikutolewa kwa upendo. Hospitalini wapo viongozi wa kiroho wenye utaratibu wao. Fuateni utaratibu huo.

Je, tunahitaji kibali?

Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 18, linatambua uhuru wa kila mtu kuidhihirisha dini yake peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unarudia hilo, ukiongeza kwamba sheria inaweza kuweka mipaka inayohitajika kulinda usalama, utulivu, afya, maadili na haki za wengine. Kwa hiyo uhuru upo, na mipaka ipo. Mipaka hiyo hutofautiana nchi kwa nchi na hata mji kwa mji.

Mara nyingi watu wawili waliosimama tu wakiongea na wapita njia hutendewa tofauti na kundi lenye meza, viti, hema na spika. Vitu ndivyo vinavyoleta swali la kibali. Kumbukeni pia kwamba sehemu nyingi zinazoonekana za umma zina mwenyewe: stesheni, jengo la maduka, uwanja wa mbele ya ofisi. Nendeni siku moja kabla, mumuulize mlinzi au ofisi ya eneo. Hapo pia mtajua kama kuna mipaka ya pekee. England na Wales, kwa mfano, tangu 31 Oktoba 2024 kuna eneo la mita 150 kuzunguka kliniki za kutoa mimba ambamo ni kosa kumshawishi au kumsumbua mtu anayekuja kupata huduma hiyo.

Kuna hukumu moja ambayo kila timu ingefaa kuijua. Minos Kokkinakis, Shahidi wa Yehova wa Ugiriki, alikamatwa mara nyingi kwa kueneza imani yake, na tarehe 25 Mei 1993 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba uhuru wake wa dini ulikiukwa. Lakini katika hukumu hiyohiyo mahakama ilitenganisha kushuhudia imani na kuwavuta watu isivyo haki, na ikataja mifano: kuwaahidi watu mali au manufaa ili wajiunge, au kuwabana walio katika dhiki. Hata mahali ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, mstari huo ni wa Kikristo kabisa.

Askari akiwaambia mwondoke, ondokeni kwa heshima siku hiyo. Haki yenu mtaidai ofisini, si mbele ya mtu aliyekuwa anaanza kulia.

Niseme nini kwanza?

Kifupi na ukweli. "Habari za saa hizi. Sisi ni Wakristo, leo tunaombea watu hapa. Kuna jambo ungependa tukuombee?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi hujaza ukimya kwa kuongeza maelezo, na mtu aliyekuwa karibu kusema jambo anapata nafasi ya kulimeza.

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu alimwona, na bado Yesu alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu huenda anataka uombee mtihani wa binti yake. Usimwangalie ukaamua haja yake. Usianze na "naona una huzuni" wala "Mungu ameniambia kitu juu yako". Ukisema hivyo kwa mtu asiyekujua, umemnyang'anya nafasi ya kusema mwenyewe.

Akisema hapana, jibu ni "asante, siku njema", na uwe unamaanisha. Usimfuate hata hatua moja. Wapo wanaokataa asubuhi wakirudi jioni, kwa sababu waliona kwamba kukataa kwao kuliheshimiwa.

Amekubali. Sasa naombaje?

Kwanza muulize jina. Kisha uliza swali moja la ziada kabla ya kufumba macho. Nitatoa mfano. Kaka mmoja anasema, "Niombeeni kazi." Timu nyingi zingeanza hapohapo, na ombi lingekuwa la kazi kwa jumla. Muulize, "Umeshaomba mahali popote?" Anasema kesho saa mbili asubuhi ana usaili. Muulize, "Unaliwazaje hilo la kesho?" Anatazama mikono yake, anasema ikifika zamu yake ya kujibu mikono hutetemeka, na mara ya mwisho aliificha chini ya meza wakadhani ana dharau. Haja imebadilika. Ilikuwa "kazi", sasa ni mikono hii miwili na saa mbili ya kesho.

Ombi lake linaweza kuwa hivi: "Baba, tunakushukuru kwa ajili ya kaka huyu. Unaijua saa mbili ya kesho. Mpe utulivu, mikono yake itulie, na maneno yake yaeleweke. Wape wanaomsaili jicho la kumwona jinsi alivyo. Na lolote litakaloamuliwa, ajue kwamba hajaachwa. Kwa jina la Yesu, amina." Inatosha. Ni chini ya dakika moja, na sehemu kubwa yake isingefaa kuombewa mtu mwingine.

Epuka lugha ya ndani ya kanisa. "Roho ya umaskini", "madhabahu za ukoo", "kuvunja minyororo ya kizazi": kwa asiyezoea, maneno hayo hutia hofu, na huenda akaenda nyumbani akiwa na tatizo jipya ambalo hakuwa nalo. Usihubiri ndani ya ombi pia. "Bwana, msaidie ajue kwamba asipotubu..." hayo hayasemwi kwa Mungu, yanasemwa kwa mtu kwa kupitia mgongo wa Mungu.

Yakobo 1:19 inataka kila mtu awe "mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema." Ukiwa na dakika tano na mtu, nne ziwe zake.

Naweza kumwekea mikono?

Uliza kwanza, tena kwa namna inayomrahisishia kukataa: "Ningeweza kukuwekea mkono begani, au niombe tu hivi?" Mkono uwe begani au juu ya kiganja chake, basi. Mwanaume asimguse mwanamke asiyemjua. Mwenzake wa kike afanye hivyo ikiwa amekubaliwa. Usimsukume mtu, usimshike kichwa. Na usimwambie afumbe macho, maana mjini mtu anaye mkoba wa kuangalia. Mwenzako asiyeomba abaki na macho wazi.

Akiwa wa dini nyingine, au hana dini?

Anaombewa kama mwingine yeyote, mradi anajua mapema mtaomba kwa jina la nani. Mwambie wazi: "Sisi tunaomba kwa jina la Yesu, uko sawa na hilo?" Waislamu wengi hukubali, wengine husema hapana asante, na kuna wanaosema "niombeeni mkiwa kwenu". Zote ni sawa. Kuficha jina la Yesu ili mtu akubali ni udanganyifu, na kumshtukiza nalo mwishoni ni vilevile.

Asiye na dini mara nyingine husema, "Siamini, lakini mama yangu anaumwa." Usianze mjadala wa kuwepo kwa Mungu. Uliza mama anaitwa nani.

Tunaruhusiwa kuombea uponyaji?

Ndiyo. Yakobo 5:14-16 inaagiza wagonjwa waombewe, nami naamini Mungu huponya. Huduma nyingi za leo zimejifunza kutoka Coleraine, Ireland ya Kaskazini, ambako mwaka 2005 kanisa moja lilianza kuweka viti barabarani na kuwaombea wagonjwa. Lakini hapa ndipo madhara makubwa hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msiahidi. Msiandike "Njoo upokee uponyaji wako" kwenye bango. Mwaka 2012 mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza ilikizuia kikundi kimoja cha mji wa Bath kutangaza kwamba Mungu anaweza kuponya magonjwa waliyoyaorodhesha, kwa sababu watu wangeweza kuacha tiba muhimu. Wakristo wengi waliona ni uonevu. Mimi nadhani hofu ile ilikuwa ya haki. Mtu mwenye kisukari anayeacha sindano baada ya kuombewa anaweza kufa, na aliyemwombea atakuwa amechangia.

Sheria yetu ni kwamba hakuna anayemwambia mtu aache dawa, apunguze dawa, au asirudi kwa daktari. Akisema anajisikia amepona, mwambie afurahi, aendelee na dawa, na amwache daktari athibitishe. Hata wale wakoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), waliokuwa na kazi ya kuthibitisha.

Na asipopona? Msimwekee lawama ya imani haba. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9). Hakuna anayemwambia Paulo alikosa imani. Wengine huuliza kuhusu utafiti. Uliojulikana zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2006, ukihusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Maombi ya watu wa mbali hayakuonyesha kupunguza matatizo baada ya upasuaji, na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo mengi zaidi, asilimia 59, kuliko walioombewa bila uhakika huo, asilimia 52. Imani yangu haisimami wala kuanguka kwa utafiti. Ila unanikumbusha nisimwache mgonjwa akiondoka na mzigo wa kudhani kwamba sasa anatakiwa kupona ili asiniangushe.

Kunena kwa lugha, unabii, kukemea pepo?

Omba kwa lugha anayoielewa. Paulo anauliza asiyefahamu ataitikaje "Amina" (1 Wakorintho 14:16), na swali lake linafaa barabarani kuliko popote. Ukipata msukumo wa kusema neno fulani, liseme kama swali, bila "Bwana asema", na kamwe lisihusu ndoa, mimba, kifo, safari au fedha.

Kukemea pepo barabarani hatufanyi. Mtu anayetetemeka au kuanguka huenda ana kifafa, sukari imeshuka, au ana msongo mkubwa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kuumiza, ita msaada wa kitabibu, zuia watu wasipige picha. Kama baadaye yeye na familia yake wanataka huduma ya kichungaji, hiyo ina mahali pake na watu wake.

Mtu akifungua jambo zito kuliko tulivyotegemea?

Litatokea, pengine siku ya kwanza. Kabla ya kutoka, kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye namba za dharura za eneo, hospitali iliyo karibu, msaada wa wanaotaka kujiua, na mahali pa kukimbilia anayepigwa nyumbani. Namba zipigwe mapema mjue kama zinapokelewa.

Akisema maneno kama "sioni sababu ya kuendelea", muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humwonyesha kwamba yupo anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, msimwache peke yake. Mmoja akae naye, mwingine apige simu. Ombi linaweza kuja kabla au baada ya simu, halichukui nafasi yake.

Anayepigwa na mwenzi wake asiambiwe avumilie, asiambiwe arudi akaombe zaidi, na asiombewe kwa sauti mahali ambapo mwenzi huyo anaweza kuwa karibu. Muulize kama ana usalama wa kurudi leo. Mpe namba kwa namna anayoweza kuificha.

Siri zake ni zake. Hazipelekwi kwenye kundi la simu la maombi, hata kwa kuficha jina. Isipokuwa pale uhai wa mtu uko hatarini au mtoto anaumizwa. Hapo mwambie wazi kwamba jambo hili huwezi kulibeba peke yako, na unamtafutia nani.

Watoto wakija wenyewe?

Waombewe mbele ya mzazi au mlezi wao na kwa ruhusa yake. Mtoto aliye peke yake msalimie, msikilize kama ana shida, lakini usimpeleke pembeni, usichukue namba yake, usimpe zawadi.

Wakitaka kutupa pesa? Wakituomba pesa?

Msipokee hata senti. Naamani alitaka kumlipa nabii Elisha baada ya kutakasika ukoma wake, Elisha akakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, akakimbia nyuma ya gari la Naamani kuchukua vipande vya fedha na mavazi, na mwisho wake unajulikana (2 Wafalme 5). Yesu alisema, "mmepata bure, toeni bure" (Mathayo 10:8). Anayesisitiza mwambie awape anaowajua wenye uhitaji. Namba ya sadaka isiwepo kwenye kipeperushi.

Wanaoomba msaada ni jambo gumu zaidi. Petro alisema hana fedha wala dhahabu. Wengi wetu hatuwezi kusema hivyo kwa kweli. Ushauri wangu ni kwamba timu iamue pamoja mapema: kama mtatoa, toeni bila kudai aombewe kwanza, na kama hamtoi, mjue mahali anapoweza kupata chakula na kulala ili mumwelekeze. Kumwombea mwenye njaa na kumwacha na njaa yake kumeshakemewa katika Yakobo 2:15-16.

Tunaweza kurekodi video kwa ajili ya ushuhuda?

Hapana. Najua zinavutia watu mtandaoni. Lakini mtu aliyelia mbele yako kwa dakika tatu hakukupa machozi yake uyapeleke kwa wenzake kazini, kwa majirani na kwa watoto wake miaka kumi baadaye. Ruhusa ya mtu aliye katikati ya hisia si ruhusa kamili. Akitaka mwenyewe kushuhudia siku nyingine, kwa maneno yake, ni hiari yake. Mkitaka picha ya timu, pigeni kabla watu hawajaanza kuja.

Nimwongoze sala ya toba?

Akiuliza, ndiyo, kwa furaha yote. "Nifanye nini nimjue Yesu?" ni swali tunaloliombea. Lakini ombi lisiwe chambo, kwamba mtu alikuja na habari za figo za baba yake na ameondoka akiwa amerudia maneno ambayo hakuyaelewa kwa sababu aliona aibu kukataa. Halafu timu inarudi kanisani na hesabu ya "waliookoka". Hesabu hiyo iachwe.

Kipeperushi kiwepo mezani, apewe anayekitaka. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Andiko linadhani kwamba tumeulizwa.

Wanaotukana au kutaka kubishana?

Anayetukana mpe nafasi apite. Anayebishana kwa dhati mpe mwenzako mmoja akae naye pembeni, ili wengine waendelee kuomba. Mara nyingi nyuma ya ubishi yupo kiongozi wa dini aliyemuumiza. Msimtetee msiyemjua. "Pole, hilo halikupaswa kutokea" ni jibu la kweli na linatosha kuanzia.

Tumesimama saa nzima, hakuna aliyekuja. Tunakosea wapi?

Pengine hamkosei. Tarehe 23 Septemba 1857 Jeremiah Lanphier alifungua chumba cha kanisa mtaa wa Fulton, New York, akaalika watu waje kuomba mchana, wakati wa mapumziko ya kazi. Kwa nusu saa ya kwanza alikaa peke yake. Mwisho wa saa walikuwa sita. Miezi michache baadaye mikutano ya aina hiyo ilikuwa imejaa maelfu katika miji mingi ya Marekani. Yenu huenda isifike huko, wala si lazima. Wakati mnasubiri, uombeeni mji wenyewe. Yeremia 29:7 iliandikwa kwa watu waliokuwa wageni katika mji usio wao, wakiambiwa wauombee kwa Bwana.

Ikiendelea hivyo wiki nyingi, badilisheni mahali au saa kabla ya kubadilisha kingine chochote. Rudini mahali palepale siku ileile ya wiki, maana watu huwazoea kwanza ndipo huwakaribia.

Mimi ni mwoga na sijui kuomba vizuri.

Wasioomba "vizuri" mara nyingi ndio wanaofaa, kwa sababu hawana maneno ya kujificha nyuma yake. Warumi 8:26 inakiri kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo. Anza kama yule wa pili, anayekaa kimya na kuangalia. Ukiona uko tayari, mwambie mwenzako.

Zamu ikiisha tufanye nini?

Kaeni pamoja kidogo mahali tulivu. Kila mmoja aseme kilichomlemea, bila majina na bila maelezo yanayomtambulisha mtu. Anayeonekana ameguswa sana, hasa aliyesikia jambo linalofanana na lake mwenyewe, apumzike zamu inayofuata na azungumze na mchungaji. Kama mliandika haja kwenye karatasi, ziombeeni kisha mzichane. Waliotaka kuunganishwa na kanisa wapigiwe simu kesho yake, mara moja, na mtu wa jinsia yao. Wasipopokea, tumeni ujumbe mmoja mfupi na muwaache.